Shotigani ya Babu Sebuleni?

Babu wa Kyela amefariki, kaacha shotigani ya mitutu miwili. Mjukuu, aliyekulia kwenye sinema za cowboy, anataka itundikwe sebuleni ukutani. Mkewe hataki hata kuiona. Nani yuko sahihi?

Dada, usimcheke mwenzio. Marekani mchezo huo upo kweli. Watu wazima na kazi zao huvaa kama cowboy wa mwishoni mwa miaka ya 1800 na kushindana kulenga shabaha. Bunduki nayo lazima iendane na enzi hizo, kwa mfano ya mitutu miwili isiyotema maganda yenyewe, au Winchester ya mwaka 1897.

Lakini kaka, angalia na masharti yao. Shotigani huwekwa mezani ikiwa wazi, haina kitu. Risasi huingizwa pale tu muda wa mpigaji unapoanza kuhesabiwa.

Hiyo ya babu je? Hujui kama ina risasi, na watoto wanapanda makochi kutwa. Isitoshe, leseni ya marehemu si yako. Sheria ya silaha ya mwaka 2015 inataka kila mwenye bunduki awe na leseni yake. Msiichezee wala msiifiche. Toeni taarifa polisi, watawaelekeza.

Kumbukumbu mnaitaka? Seremala atawachongea ya mbao, yenye mitutu miwili vilevile, muitundike pembeni ya picha ya babu. Kaka anabaki na ucowboy wake, dada analala usingizi.