Handaki au Ngome? Istilahi na Historia ya Mizinga ya Longues-sur-Mer

Katika tafsiri za historia ya vita, neno handaki limebebeshwa mzigo usio wake. Hutumika kwa mtaro wa kujifichia, kwa njia ya reli ipitayo chini ya mlima, na pia kwa jengo la zege lenye mzinga ndani yake. Kwa maoni yetu, matumizi haya ya mwisho yanaficha historia yenyewe.

Tuchukue mfano wa Longues-sur-Mer, katika pwani ya Normandy, Ufaransa. Mwaka 1943 Wajerumani walianza kujenga hapo sehemu ya Ukuta wa Atlantiki, yaani mfululizo wa ngome za pwani ambao, kwa jumla yake, ulijengwa pia kwa shokoa ya mateka na raia wa nchi zilizotekwa. Palijengwa vyumba vinne vya zege, kila kimoja na mzinga wa milimita 150. Mbele yake, ukingoni mwa jabali, kilijengwa kituo cha kupimia umbali wa meli na kuongozea shabaha. Vyumba na kituo viliunganishwa kwa nyaya za simu zilizofukiwa ardhini.

Mabomu yaliyotangulia shambulio la tarehe 6 Juni 1944 yaliharibu nyaya hizo. Mizinga ilifyatua, lakini bila uongozi thabiti wa kituo. Manowari za Washirika, zikiwemo za Uingereza na Ufaransa, ziliijibu; na kesho yake askari waliosalia walijisalimisha. Basi kiini cha kisa hiki ni kutengana kwa jicho na mkono. Mwanafunzi anayesoma kwamba handaki lilishindwa kuwasiliana na handaki ataelewa nini?

Asili ya neno ni Kiarabu, khandaq, yaani mtaro wa kuzuia adui, kama ule wa Madina katika Vita vya Handaki vya mwaka 627. Hiki ni kitu kinachochimbwa, si kinachojengwa kwa ajili ya kufyatulia mizinga.

Huenda wengine wakadai kwamba maana hupanuka zenyewe, mathalani gereza, lililotokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa, likaja kumaanisha ngome na hatimaye kifungo. Ni kweli, lakini neno hilo lilikuzwa na watu walioishi na majengo hayo. Ngome ya Yesu, Mombasa, ilikuwa jela hasa kuanzia 1895 hadi 1958. Ngome za Normandy, aghalabu, tunazijua kwa vitabu tu. Kwa hiyo dhima yote ni ya mfasiri.

Tunapendekeza ngome ya zege kwa jumla ya majengo, chumba cha mzinga na kituo cha shabaha kwa sehemu zake, na handaki libaki kwa mtaro. Maneno yote hayo tunayo tayari. Kinachohitajika ni mfasiri kuuliza, kabla ya kuandika, jengo lile lilifanya kazi gani.