Tumbo la mtoto likivimba, tusikimbilie dawa ya minyoo



Huku Kawetele mtoto akivimba tumbo, wengi hutaja minyoo au bandama, na wapo wanaompeleka kuchanjwa chale. Wazazi wenzangu, ipo saratani ya figo, uvimbe wa Wilms, inayowapata zaidi watoto wa chini ya miaka 5. Mara nyingi mama huigundua akimwogesha mwanawe: uvimbe mgumu ubavuni, hauumi, na mtoto bado anacheza. Ndiyo maana tunachelewa! Usiukande wala kuubonyezabonyeza. Ukipasuka, ugonjwa husambaa. Mkojo wenye damu nao usipuuzwe, wala kinundu kisichouma shingoni au pajani, maana huenda ni saratani ya tishu laini.

Uvimbe wa Wilms si uchawi, wala hauambukizi. Ukiwahiwa, kwa upasuaji na dawa, watoto wengi hupona na huishi vizuri kwa figo moja. Hospitali ya Muhimbili ina wodi ya saratani za watoto, ambako shirika la Tumaini la Maisha husaidia matibabu yatolewe bila malipo.

Wauguzi wa kliniki za watoto wilayani kwetu Rungwe, nawasihi: mkimpima mtoto uzito, mpapaseni na tumbo, taratibu.

Mzazi,
Kawetele, Tukuyu