Maumivu ya Kifua si Aibu kwa Askari

Askari hufundishwa kuvumilia. Njaa, baridi, jua kali na mwendo mrefu ni sehemu ya kazi yake. Tabia hiyo ni njema, lakini yako maumivu ambayo kuyavumilia si ushujaa. Mojawapo ni kubanwa kifua wakati wa kukimbia au kupanda mlima, kisha kupata nafuu mtu apumzikapo.

Wako wanaodai kwamba maradhi ya mishipa ya moyo ni ya wazee na matajiri wanene. Historia haikubaliani nao. Mwaka 1953 madaktari wa jeshi la Marekani walitangaza matokeo ya kuchunguza maiti 300 za askari waliouawa katika vita vya Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22. Hata hivyo, asilimia 77 walikutwa na dalili za maradhi katika mishipa inayolisha moyo. Uchunguzi mwingine uliotolewa mwaka 2012, juu ya askari 3,832 wa nchi hiyo hiyo, ulikuta asilimia 8.5 tu. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kupungua kwa uvutaji wa sigara. Yaani ujana peke yake si ngao, bali mwenendo hulinda.

Namna ya kuyatambua maradhi hayo bila kupasua kifua ipo. Mgonjwa hupigwa sindano ya dawa yenye mnururisho kidogo, mara nyingi teknesiamu, ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6. Dawa hufuata damu hadi kwenye msuli wa moyo, na kamera maalumu huonyesha ilikofika. Picha moja hupigwa moyo ukiwa umetulia. Nyingine baada ya kuutaabisha kwa mazoezi au kwa dawa. Sehemu inayokosa damu wakati wa taabu tu yaonyesha mshipa uliosongwa. Inayokosa nyakati zote mbili huenda ikawa kovu, msuli uliokwisha kufa.

Hatusemi kikosi kizima kipangwe mstari kipigwe picha. Mnururisho, hata uwe mdogo, hautolewi ovyo kwa mtu asiye na dalili. Wala picha mbaya haina maana ya kisu. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2020, wenye wagonjwa 5,179 ambao hali zao hazikuwa za dharura, ulionyesha kwamba waliowahishwa kuzibuliwa au kupasuliwa mishipa hawakupungukiwa na vifo kuliko walioanza kwa dawa, ingawa wengi wao walipata nafuu zaidi ya maumivu.

Jambo jingine lawahusu polisi wa mipakani na viwanja vya ndege. Mtu aliyepigwa picha ya namna hii aweza kuamsha vyombo vya kupimia mnururisho kwa siku kadhaa. Si lazima awe mlanguzi. Aulizwe kwa adabu, aonyeshe barua ya daktari wake, na barua hiyo ihakikishwe.

Neno la mwisho ni kwa wakubwa wa vikosi. Askari huficha maumivu kwa kuogopa kunyang'anywa cheo, silaha au safari ya kozi. Maadamu hofu hiyo ipo, mashine zote za dunia hazitafaa kitu. Kamanda anayemcheka mgonjwa leo atajikuta kesho akipiga saluti kaburini. Nawe askari, kifua kikikubana ukikimbia, toa taarifa siku hiyo hiyo. Kikikubana umepumzika na kisiachie, usingoje picha yoyote: kimbizwa hospitali mara moja. Bunduki yenye hitilafu hupelekwa kwa fundi bila aibu. Moyo wastahili zaidi.