Ngazi za dharura si stoo



Nina dukuduku kuhusu maghorofa haya ya Kariakoo ambayo chini ni maduka, katikati ni stoo, na juu tunaishi sisi na watoto wetu.

Jengo ninalokaa lina kila kitu ambacho mkaguzi hupenda kukiona. Mitungi ya kuzimia moto ipo kila ghorofa. Cheti kimewekwa kwenye fremu pale mapokezi. Pembeni mwa lifti imebandikwa ramani ya kutokea wakati wa moto, ina mishale ya kijani inayoonyesha ngazi mbili, za mbele na za nyuma. Sasa jaribu kuifuata hiyo mishale ya nyuma kutoka kwetu ghorofa ya saba. Utashuka vizuri hadi ya nne. Hapo utakuta mabelo ya mitumba yamepangwa karibu na dari, unapita kwa ubavu, na mwenye mtoto mgongoni hapiti kabisa. Mlango wa ghorofa ya tatu umewekewa tofali usijifunge, wapagazi wasipate taabu. Chini kabisa, kwenye mlango wa kutokea uchochoroni, kuna geti la chuma na kufuli. Ufunguo anao mlinzi wa mchana. Wa usiku hana.

Nilipomfuata msimamizi wa jengo alinijibu kwa upole kabisa: "Mama, usiwe na wasiwasi. Wakaguzi wakija huwa tunasafisha."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike. Kumbe mpango wa kututoa ndani ya moto umeandaliwa kwa ajili ya mkaguzi, na sisi tunaolala humo tunauangalia tu ukutani.

Hilo tofali peke yake linatosha kutuua. Milango ya ngazi hutengenezwa ijifunge yenyewe ili moshi ubaki kwenye ghorofa yenye moto. Ukiizuia, ngazi zinageuka dohani: moshi wa stoo ya tatu unapanda moja kwa moja hadi tunakolala, na aliyelala moshi humkuta kabla ya moto. Lifti nayo haitumiki wakati wa moto, hata ramani yenyewe inasema hivyo. Zinabaki ngazi za mbele, na hizo ndizo zinazopita karibu kabisa na jiko la mgahawa lenye mitungi ya gesi.

Mazoezi ya kutoka yaliwahi kufanyika. Yalifanyika saa nne asubuhi, kengele ikalia, vijana wa madukani wakatoka, wakajipanga barabarani, wakahesabiwa, wakapigwa picha. Sisi wa juu tulichungulia madirishani. Kuuliza, tukaambiwa lile zoezi lilikuwa la wafanyakazi. Ni kweli, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamwajibisha mwajiri kwa watu wake, na mimi si mfanyakazi wa mtu humu. Lakini saa nane usiku, vijana wale wakiwa makwao Mbagala na Gongo la Mboto, anayebaki ndani ya jengo ni nani?

Moto ukitokea tumezoea kuwasema Zimamoto kwamba wamechelewa, au gari limekuja halina maji. Mimi leo siwasemi kwa hilo. Anayejua mitaa yetu, na meza za machinga, mikokoteni na magari yaliyoegeshwa pande zote mbili, anajua kwamba hata ukipiga 114 mara moja, dakika za mwanzo ni zako mwenyewe.

Kufuli naielewa. Wezi wapo, na mali iliyomo humu ni ya mamilioni. Hata mimi nina grili mlangoni. Lakini mwaka 2001 kule Kyanguli, Machakos, nchini Kenya, bweni liliungua usiku wakafa wavulana 67. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Kuna milango ya dharura ambayo kwa ndani unasukuma tu upau inafunguka, na kwa nje mwizi hana pa kushika. Hoteli kubwa za mjini zinayo. Bei yake haiwezi kumshinda mtu aliyejenga ghorofa nane.

Kuna jambo jingine linaloninyima usingizi. Jirani yangu ni mzee aliyepooza upande mmoja. Ngazi hashuki, hubebwa. London, jengo la Grenfell lilipoungua Juni 2017, wakazi waliambiwa wabaki ndani na watu 72 wakafa. Tume iliyochunguza ilipendekeza mwaka 2019 kwamba majengo marefu yawe na mipango ya kuwatoa watu, na kila asiyeweza kushuka mwenyewe awe na mpango wake. Kwetu hakuna hata orodha ya wanaoishi humu. Siku hiyo nani atajua kwamba mzee yumo, na nani amepangiwa kumbeba?

Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 inawapa askari mamlaka ya kukagua. Nawaomba waje usiku, bila kupiga simu, washuke kwa ngazi za nyuma kuanzia juu. Wakifika kwenye mabelo wasimame wamuulize mwenye jengo cheti kinahusu nini. Na mazoezi yajayo yafanyike sisi tukiwa nyumbani, kila ghorofa ikiwa na mtu wake wa kuhesabu wenzake. Kile kibao cha mahali pa kukusanyikia nacho kiandikwe Kiswahili, kisha kihamishwe, maana pale kilipo sasa pana meza ya viatu.

Tumeomba kikao na uongozi wa jengo tuyaseme haya ana kwa ana. Tumeambiwa kitaitishwa baada ya sikukuu. Hawakusema ipi.

Mpangaji, ghorofa ya saba,
Kariakoo, Dar es Salaam
(jina limehifadhiwa)