Kiswahili Hakiharibiwi na Makonda

Mtu mzima wa Kinondoni au Temeke, jijini Dar es Salaam, akianza kuwalaumu vijana kwamba wanaharibu Kiswahili, hoja huwa ileile: wanaiga Wamarekani. Jambo likiwa zuri wanasema "poa", eti wametafsiri "cool", msemo wa mitaa ya Marekani. Dai hilo nalikataa.

Kupoa ni kitenzi chetu. Uji unapoa, chai inapoa, hasira nazo hupoa. Hata kama wazo la kusifia jambo kwa ubaridi lilivuka bahari, lilipofika hapa lilipewa neno la Kiswahili. Kosa liko wapi?

Tazama daladala. Asili yake ni dola, pesa ya Wamarekani hasa. Sarafu ya shilingi tano iliitwa dala. Mwaka 1983 serikali iliruhusu mabasi ya watu binafsi jijini. Makonda wakawa wanainadi nauli ya dala mpaka basi lenyewe likachukua jina. Leo neno limo kamusini na wabunge wanalitamka bungeni. Halikutungwa na kamati yoyote. Limezaliwa mlangoni mwa gari.

Kazi hiyo ya kuzaa maneno haijakoma. Mei 2016 yalipoanza mabasi ya Kimara, jina rasmi lilikuwa "mabasi yaendayo haraka". Abiria wakasema mwendokasi, na ndilo lililoshika. Asubuhi kule Mbagala, mtu hupanda gari linaloelekea mwisho wa njia ili awahi siti ya kurudi nayo mjini. Hilo analiita kugeuza na gari, na jiji zima linamwelewa.

Kiswahili kinaumizwa ofisini. Msomi anaanza sentensi kwa Kiswahili, anaruka kwenye Kiingereza, kisha anabandika kiambishi chetu kwenye kitenzi cha watu. Huyo hatumwiti mhuni. Konda hulitafuna neno geni mpaka liwe letu. Msomi hulimeza zimazima.

Ni kweli, barua ya kuomba kazi haiandikwi kwa lugha ya kijiweni, na shule ifundishe Kiswahili sanifu bila kulegea. Lakini kijana wa Temeke anaijua mipaka: mzee humwamkia shikamoo, mwenzake humwuliza "mambo vipi?"

Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lipo tangu 1967. Wataalamu wake na walimu wetu waende vituoni na madaftari, wayaandike maneno haya na maana zake. Na karipio wanalowatolea makonda walipeleke kwenye vikao vya wakubwa.