Paipu Mbovu ya Tajiri Isilipwe na Dereva

Ndugu madereva, makanika na mataniboi wa Migori na Homa Bay,

Kuna mtindo mbaya ambao lazima ukomeshwe. Paipu ya presha ya usukani ikianza kuvuja, dereva humwambia tajiri. Tajiri hanunui mpya. Humwambia makanika: "Funga blada, kaza na klipu, gari litoke." Gari hutoka, likabeba miwa ya Awendo au samaki wa Homa Bay. Paipu ikipasuka, humgeukia dereva: "Umeharibu gari, nitakata mshahara." Huu si uungwana, wala si sheria.

Tusidanganywe kwamba blada inatosha. Tairi ya gari dogo hujazwa upepo wa ratili 30 hivi kwa inchi ya mraba. Mafuta ndani ya paipu hii, usukani ukizungushwa mpaka mwisho, yaweza kupita ratili 1,000. Klipu yafaa kwa paipu ya kurudisha mafuta, yenye presha ndogo. Kwa paipu ya presha ni mtego. Ikipasuka kwenye kona, usukani huwa mzito ghafula mikononi mwa dereva. Mafuta yakimwagikia bomba la moshi lenye moto, gari laweza kuwaka.

Kazi ya haki inajulikana. Paipu mpya iwe ya aina ile ile, na vipete vyake vipya. Nati ianzwe kwa mkono kabla ya spana. Paipu isiguse bomba la moshi wala mkanda. Yatiwe mafuta aliyoagiza mtengenezaji. Magurudumu ya mbele yainuliwe juu ya stendi, injini ikiwa imezimwa, usukani uzungushwe kushoto na kulia mpaka upepo utoke. Injini ikiwaka, usitafute uvujaji kwa kidole: mafuta yenye presha hutoboa ngozi. Kazi hii yataka muda na vifaa, na vyote viwili ni juu ya tajiri.

Watasema petroli imepanda, biashara ni mbaya. Na unga je, haukupanda? Siku ya faida hatuitwi. Kwa nini tuitwe siku ya hasara?

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, humruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa hasara iliyoletwa na kosa la makusudi la mfanyakazi. Uchakavu wa paipu si makusudi ya dereva. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo yamtaka mfanyakazi aripoti hatari, na yamkataza mwajiri kumrudisha kwenye hatari kubwa kabla haijaondolewa.

Basi dereva, ukiona mafuta chini ya gari, andika barua na uweke nakala. Makanika, kataa blada. Akikataa mmoja, atafukuzwa na jirani yake ataitwa. Tukikataa wote, toka Migori hadi Homa Bay, tajiri atakwenda dukani kununua paipu.

UMOJA NI NGUVU!