Afya ya Mama Isingoje Mavuno Yaishe



Kila mmoja wetu aijua desturi ya karafuu. Ikishapevuka haingoji: ikiachwa mtini hata ua likafunguka, thamani yake imepotea. Ikishachumwa pia haingoji: ikilundikwa mbichi usiku kucha huvunda, na hata ikianikwa kwenye jua kali namna gani hutoka nyeupe, nyepesi, iliyokunjamana. Ndiyo maana hakuna mwanachama asemaye, "Nitaichambua kesho kutwa."

Lakini ni nani wanaokesha wakiichambua? Ni mama zetu, wake zetu na binti zetu. Mchana wako shamba, magharibi wako jikoni, na baada ya Isha wameketi juu ya jamvi wakitenga karafuu na makonyo. Mvua ikitishia, wao ndio wa kwanza kukimbilia kuanua. Na juu ya miili yao husema neno wasilolisema juu ya karafuu: "Nitakwenda hospitali mavuno yakisha." Mavuno yakisha kuna harusi, harusi ikisha kuna mpunga.

Sisi twaona desturi hii ni hasara, na lawama si ya mabibi peke yao.

Tutoe mfano wa saratani ya shingo ya kizazi, ambayo katika Tanzania huua wanawake wengi kuliko saratani nyingine yoyote. Haiji kwa siku moja. Huanza na virusi, na kwa kawaida hupita miaka 10 au zaidi bila maumivu. Muda wote huo yaweza kuzuiwa. Mkunga hupaka siki hafifu mahali penyewe, akatazama. Pakigeuka weupe, hutibiwa kabla saratani haijaingia. Ni kazi ya dakika chache, wala hapana kisu. Mwanamke aliyefika miaka 30 yafaa arudie kipimo hiki kila baada ya miaka 3, na mwenye virusi vya UKIMWI aanze mapema zaidi. Wasichana nao wana chanjo yao, iliyoanza kutolewa nchini kote mwaka 2018.

Siku hiyo hiyo apimwe na shinikizo la damu, ugonjwa ambao mara nyingi hauumi mpaka umekwisha kuharibu.

Wako wasemao, "Ugonjwa hautafutwi." Tungependa kuwauliza: mchumaji hupima tawi kwa mguu kabla ya kulikanyaga, je, naye aitafuta ajali? Na mama aonaye haya, aombe ahudumiwe na mwanamke mwenziwe. Hilo si kosa.

Shauri letu ni hili. Kabla msimu haujafunguliwa, kila mwanachama ampe kila mwanamke afanyaye kazi shambani kwake siku moja ya kwenda kupimwa, na siku hiyo ahesabiwe ujira wake kama ya kazi. Mabwana wabaki na watoto na waangalie chungu. Hapana aliyepungukiwa heshima kwa sababu hiyo. Na mama aonaye damu isiyo ya wakati wake, au aliyekoma hedhi kisha damu ikarudi, asiingoje siku hiyo. Aende leo.

Karafuu zikiharibika, mwaka mwingine mkarafuu utazaa tena. Mama hana msimu wa pili.